Wafanyakazi Waliofichwa Siku ya Majaji

Kaeni vizuri. Wenye watoto wasogezeni karibu, maana kisa hiki kinawahusu hata wao. Kina watu watatu waliopewa kazi ya kuamua, na walipofika mahali pagumu kuliko pote, uamuzi uliwatoka mikononi.

Watatu hao walikuwa majaji wa tuzo. Si majaji wa mahakamani wenye majoho. Kulikuwa na baraza ambalo kila mwaka lilitoa ngao moja kwa kampuni iliyowatunza wafanyakazi wake kuliko nyingine zote, na watatu hawa ndio waliozunguka viwandani na maofisini kuangalia ni nani anayestahili.

Wa kwanza aliitwa Bwana Anyosisye, na kipaji chake kilikuwa karatasi. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye ofisi za utumishi, na faili likipita mbele yake alijua limedanganya wapi, kama mama anavyomjua mtoto anayesema ameshakula na hajala.

Wa pili alikuwa Bi. Kokuhirwa, na kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Hakuwa mtu wa maswali. Alikaa na mtu, akanyamaza, akamwacha, na kabla chai haijapoa yule mtu alikuwa anamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mumewe.

Wa tatu alikuwa Bwana Mbaruku, na kipaji chake kilikuwa mikono. Zamani alikuwa mwokoaji migodini, mpaka magoti yalipomshinda. Alijua chuma, alijua hewa, alijua mwili wa binadamu unavyozimika na unavyoweza kurudishwa. Tena hakuuamini mlango ambao hakuufungua mwenyewe. Kila walikokwenda aliwachosha wenyeji kwa kutaka afunguliwe hata chumba cha mafagio.

Mwaka huo zilifika sifa za kiwanda kimoja kwenye nyanda kavu, mwendo wa saa moja kutoka Dodoma mjini. Kiwanda hicho kilinunua betri chakavu za magari, kikazivunja na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani. Barua ya sifa ilisema kwamba kwa miaka miwili hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeomba ruhusa ya ugonjwa. Majaji wakapanga safari, siku ya Alhamisi, mwezi wa Oktoba.

Sasa nyinyi nitawaambia mapema kile ambacho wao hawakukijua.

Risasi ikiyeyushwa hutoa moshi, na vumbi lake huingia mwilini bila kubisha hodi. Huanza na tumbo kunyonga. Usingizi unapotea. Halafu mikono inalegea: mtu ananyoosha mkono mbele, na kiganja kinaning'inia kama nguo kwenye kamba, hakiinuki. Kiwandani pale watu kumi na mmoja walikuwa wameshafikia hapo. Hawakuomba ruhusa ya ugonjwa kwa sababu aliyeomba aliambiwa aache kazi.

Meneja wa utumishi, Bwana Ladislaus, alikuwa ameitaka ngao ile kwa miaka mitatu. Asubuhi ya Alhamisi, baada ya uji, aliwatazama wale kumi na mmoja akaona jaji yeyote atakayesalimiana nao kwa mkono ataelewa. Kuwarudisha nyumbani aliogopa, maana wangekutana na wageni barabarani. Basi saa mbili akawapeleka nyuma ya tanuri, kwenye kontena tupu, akawapa ndoo ya maji na katoni ya biskuti.

"Ni muda mfupi tu," aliwaambia. "Wageni wakishapita huku, mnatoka. Ngao hii ni ya kwetu sote."

Mmoja wao, dada aliyeitwa Yuditha Mbeleje, akamwuliza, "Na kufuli la nini, bosi?"

"Mlango huu haukai bila kufungwa. Upepo unaupiga."

Akafunga, akaondoka na ufunguo.

Majaji walitarajiwa saa tatu. Gari lao lilipasuka tairi njiani, wakafika saa nne na robo. Hapo tena kukawa na wimbo wa kuwakaribisha, na hotuba, na keki iliyoandikwa jina la kiwanda. Kivuli cha ukuta kilizidi kuwa chembamba. Kule nyuma jua lilikuwa limesimama juu ya bati la kontena, na ndani ya kontena hakukuwa na hata tundu la kupitisha kidole.

Sikilizeni sasa alichofanya kila mmoja.

Bwana Anyosisye aliwekwa ofisini na mafaili. Mafaili yalikuwa masafi: wafanyakazi sitini na watatu, kila mmoja na picha yake na mkataba wake. Kisha Bwana Ladislaus mwenyewe, kwa kujivunia, akamletea daftari la jikoni, aone kwamba kiwanda kinawapa watu uji na chakula cha mchana bure. Bwana Anyosisye akalisoma kama alivyosoma kila kitu, mstari kwa mstari. Saa sita kasoro robo akaita.

"Bwana Ladislaus, mna wafanyakazi wangapi?"

"Sitini na watatu, mzee. Kama faili linavyosema."

"Jana mpishi aliandika sahani sabini na nne. Juzi sabini na nne. Mwezi wa nane mwanzoni, sabini na nne."

"Hao wengine ni vibarua. Wanakuja na kuondoka."

"Leo asubuhi ameandika vikombe vya uji sabini na vinne," alisema Bwana Anyosisye, kidole chake kikiwa juu ya ukurasa. "Chakula cha mchana ameandika sahani sitini na tatu. Kwa hiyo watu kumi na mmoja wamekunywa uji hapa, na ameshaambiwa hawatakula. Wako wapi?"

Bwana Ladislaus akasema anakwenda kuuliza. Akatoka, na hakurudi. Bwana Anyosisye akatoka nje akawaeleza wenzake.

Bi. Kokuhirwa hakumfuata meneja. Alikwenda jikoni kwa aliyeandika daftari, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Semeni, akamkuta anachambua mchele kwenye ungo. Akamsalimu, akavuta kigoda, akaanza kuchambua naye. Hakumwuliza kitu. Vidole vya Mama Semeni vilikuwa vinatafuta mawe palipokuwa hakuna mawe.

"Wewe ni katika wale wageni," Mama Semeni alisema baada ya muda.

"Ndiyo, dada."

"Mtaondoka saa ngapi?"

"Tukishawaona watu wote."

Wakachambua tena. Kisha Mama Semeni akashusha sauti. "Nina wajukuu wanne nyumbani, na mshahara ni huu huu. Nikisema, kesho sina kazi."

"Jina lako sitalitaja."

"Aliniambia nipunguze sahani kumi na moja, nami nikapunguza. Sikuuliza. Ila nilisikia watu wanagonga kule nyuma ya tanuri. Walikuwa wanagonga tangu saa nne." Akaweka ungo chini. "Sasa hawagongi."

Bwana Mbaruku alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Hakungoja sentensi ya pili. Mtu ambaye magoti yake yalimfanya apande ngazi kwa kushika ukuta, alikimbia. Nyuma ya tanuri alikuta makontena sita yamepangwa, yote yamefungwa makufuli, yote ya moto kiasi kwamba huwezi kuyawekea mkono. Matano yalikuwa na vumbi jekundu kwenye makomeo. La sita komeo lake lilikuwa limefutika vumbi, lina alama za vidole. Akaita. Hakuna aliyeitika. Wakamwambia ufunguo anao meneja, na meneja ameondoka na gari. Akachukua nondo ndefu ya kukorogea tanuri, akaiingiza kwenye komeo, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote mpaka chuma kikakatika. Mlango ulimbabua viganja vyote viwili. Akaingia mwenyewe kwenye lile joto, akawavuta mmoja mmoja, huku anawaelekeza wafanyakazi kwa sauti ya chini: walazeni kivulini, vueni nguo za juu, lowesheni mashuka, pepeeni, mtu asimwagie maji mdomoni aliyezimia. Wawili walikuwa hawapumui. Aliwapulizia pumzi yake mwenyewe, huyu kisha yule, mpaka wakakohoa.

Wanane wakaishi. Siwema, Pendaeli na Chilewa hawakuamka.

Daktari aliyewapokea alisema jambo moja tu lililoandikwa na kila aliyemsikia: nusu saa zaidi, wangekufa wote kumi na mmoja. Akataka kuongeza kwamba kama ingekuwa nusu saa mapema, lakini akawaona wazazi wa Siwema wamesimama karibu, akanyamaza.

Kiwanda kilifungwa. Bwana Ladislaus alikamatwa siku ya pili yake, akawekwa rumande kusubiri kesi. Wale wanane walilazwa wiki nyingi, maana risasi huingia upesi na hutoka taratibu, na kwa wengine haitoki yote.

Mwaka huo hakuna kampuni iliyopewa ngao. Wajumbe wa baraza walikaa kikao kirefu na kuona aibu, kwa kuwa watu wale walifungiwa ili ngao yao ipatikane. Wakakata shauri wampe ngao mmoja katika wale majaji watatu. Na safari hii ngao ilikuwa na uzito mwingine. Serikali ilikuwa inaunda tume mpya ya usalama kazini, na baraza lilikuwa limepewa kiti kimoja. Atakayekaa kwenye kiti kile ataweza kuingia kiwanda chochote, saa yoyote, bila kutoa taarifa, na kukifunga papo hapo. Kiti ni kimoja, hakigawanyiki. Baraza likasema mwenye ngao ndiye atakayekalia kiti. Na kwa kuwa baraza lenyewe lilishindwa kuchagua, likawaomba wale wanane wachague.

Wakakutana asubuhi kwenye ukumbi wa kulia chakula wa hospitali: wagonjwa wanane, majaji watatu, ndugu wa marehemu, na karani wa baraza.

Yuditha Mbeleje ndiye aliyefungua maneno. "Sisi tulikuwa gizani," alisema. "Hatukuona nani alifanya nini. Tuambieni wenyewe."

Bwana Anyosisye akasimama kwanza. Alikuwa amekonda tangu Oktoba.

"Mimi msinichague kabla hamjasikia hili," alisema. "Ile tofauti ya sahani niliiona saa nne na nusu. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika, na daftari lilikuwa wazi kwenye meza ya keki, kabla meneja hajaniletea ofisini. Nikasema moyoni, mpishi amekosea hesabu. Nikakaa kusikiliza hotuba. Nikala keki. Nilirudi kwenye daftari saa sita kasoro robo." Alitaka kukaa, kisha akaendelea. "Na jambo la pili. Tusingekuja, wasingefungiwa. Hilo ni letu sote watatu."

Dereva wa kiwanda, mmoja wa wale wanane, akasema polepole, "Lakini mzee, hata saa sita hakuna mwingine aliyeiona. Wakaguzi wamekuja pale mara nne. Walilishika daftari lile lile."

Baba yake Siwema alikuwa amekaa karibu na dirisha. Hakumtazama Bwana Anyosisye. Alimgeukia Bi. Kokuhirwa.

"Mama, nimeambiwa ulipoingia jikoni ulikaa kuchambua mchele."

"Ni kweli, baba."

"Muda gani?"

"Kama robo saa."

"Mwanangu alikuwa anakufa, wewe unachambua mchele."

Bi. Kokuhirwa alisogeza kiti chake kumwelekea. "Sikujua kama kuna anayekufa," alisema. "Nilijua tu kuna mwanamke mwenye hofu. Ningemkaripia angeniambia hajui, na tungekuwa tunazunguka mpaka jioni. Kiwanda kile ni kikubwa, kina maghala tisa. Lakini usiku nikilala naihesabu robo saa hiyo, baba. Sitakudanganya kwamba siihesabu."

Yule mzee akaitikia kwa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa.

Kisha wakamtazama Bwana Mbaruku. Viganja vyake vilikuwa vimepona vibaya, ngozi imevutana, vidole havinyooki. Yeye alisema maneno machache kuliko wote.

"Mimi nilivunja komeo. Mwingine angeweza kulivunja."

"Asingeweza kunirudishia pumzi," alisema kijana mmoja kati ya wale wawili.

Hapo dada yake Pendaeli akaomba kusema. Alikuwa mwalimu, na alisema kwa utaratibu. "Bwana Mbaruku, nakushukuru, na sitasahau mikono yako. Lakini kiti hiki ni cha kuzuia watu wasifungiwe tena. Wewe ulifika mlango ukiwa umeshafungwa. Bila kuambiwa na hawa wawili ungepita mbele ya kontena lile."

"Ningetaka lifunguliwe," alisema Bwana Mbaruku. "Mimi hutaka kila mlango ufunguliwe."

"Lini? Baada ya chakula cha mchana?"

Bwana Mbaruku akatazama viganja vyake. "Ndiyo," alisema. "Huwa nazunguka baada ya chakula cha mchana."

Mkwe wa Chilewa akamjibu yule mwalimu kwamba karatasi na masikio vimejaa nchi nzima, na kila siku watu wanajua na hawafanyi kitu. Aliyeingia ndani ya kontena ni mmoja tu. Wafanyakazi wengine sitini walisimama nje wakatazama mlango. Mwalimu naye akamjibu, na maneno yakaanza kupanda, mpaka Yuditha Mbeleje alipoinua mkono wake. Kiganja kilining'inia.

"Kuna mtu hatujamtaja," alisema. "Mama Semeni."

Karani akamkumbusha kwamba ngao ni ya majaji.

"Nani kasema? Mmetuambia tuchague. Yeye ndiye aliyeandika sahani kwa usahihi, siku zote, bila kutuficha. Meneja alitufuta kwenye mafaili yote, lakini jikoni tulihesabiwa. Na yeye ndiye aliyesema tuko wapi, akijua atafukuzwa."

"Alisikia tunagonga tangu saa nne," alisema dereva. "Nilikuwa mimi ninayegonga, kwa kiwiko, kwa sababu ngumi haikunjiki. Alisikia, akaendelea kupika."

"Najua."

"Siwema alikuwa anamwita kwa jina. Shangazi Semeni, shangazi Semeni. Jikoni na pale ni hatua arobaini."

"Najua," Yuditha alisema tena. "Nilikuwa nimemshika kichwa."

Bi. Kokuhirwa aliinamisha uso. Jina lililotajwa mbele ya wote ndilo lile aliloahidi kulificha, na ingawa hakulitaja yeye, lilikuwa limefika hapo kwa njia fulani. Mama Semeni mwenyewe hakuwapo. Tangu mazishi alikuwa hatoki nyumbani kwake.

Karani akasema wapige kura. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kushika kalamu sawasawa, kila mmoja alikwenda mezani akamnong'oneza jina na sababu sikioni, naye karani akaandika. Wakapita saba. Karani akazisoma kwa sauti.

Bwana Anyosisye, kura mbili, kwa kuwa bila jicho lake hakuna ambaye angejua kwamba kuna watu wanakosekana.

Bi. Kokuhirwa, kura mbili, kwa kuwa bila sikio lake wangejulikana wanakosekana na wasijulikane walipo.

Bwana Mbaruku, kura mbili, kwa kuwa bila mikono yake wangepatikana wamekufa.

Mama Semeni, kura moja. Aliyempa kura hiyo hakujitaja, ila dereva wa kiwanda alikuwa anatazama sakafu.

Ikabaki kura ya Yuditha Mbeleje. Akaenda mezani, akainama, karani akasogeza sikio. Akakaa ameinama hivyo kwa muda mrefu. Alimkumbuka mzee aliyeona kosa akala keki, kisha akarudi kulitafuta. Alimkumbuka mama aliyetumia robo saa kumfungua mtu mwenye hofu. Alizitazama zile ngozi zilizovutana za mtu aliyekuja wa mwisho na kuingia wa kwanza. Alimkumbuka mpishi aliyenyamaza masaa mawili, halafu akasema wakati ambapo wanane bado waliweza kuokolewa.

Akainuka bila kutaja jina.

"Nipeni nafasi nifikiri," alimwambia karani, akarudi kukaa kati ya baba yake Siwema na dada yake Pendaeli.

Mimi niliyewasimulia sijui atamchagua nani, na hata nikijua siwaambii. Kiti bado kiko wazi, na viwanda bado vinawaka. Wewe unayenisikiliza, mkubwa au mdogo, umewaona wote wanne na umesikia kila walichofanya na kila walichochelewa kufanya. Kura iliyobaki ni moja. Je, ingekuwa yako, ungemnong'oneza karani jina la nani?